Makro na mitindo ya hati: maswali tunayoulizwa sana mezani

Meza yangu ya kuchapa iko katikati ya jiji la Nairobi, kati ya Tom Mboya na River Road. Kinachoingia kwa wingi ni tasnifu za wanafunzi, hati za mawakili na ripoti za mashirika, na nyingi hufika zikiwa zimeshapitia mikono ya watu wengi na kompyuta nyingi. Maswali yafuatayo huulizwa na wateja na vijana ninaowafundisha kazi. Majibu yanahusu Word ya kompyuta, kwa sababu ndiyo utakayoikuta kwenye saiba nyingi. LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, ina nafasi yake huko chini.

Mtindo una tofauti gani na kukoleza maandishi kwa mkono?

Ukichagua kichwa cha sura, ukakipa ukubwa wa 14, ukakikoleza na kukiweka katikati, umekipamba tu. Word haijui kwamba hicho ni kichwa. Ukikipa mtindo wa Heading 1, umekipa jina, na sura yake inafuata jina hilo. Siku msimamizi akitaka vichwa vyote viwe vya 16, unarekebisha mtindo mara moja na vichwa vyote vinaitikia. Orodha ya yaliyomo nayo hujengwa kwa majina hayohayo.

Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko mahali pengine popote: makro, yaani maagizo unayoiandikia Word, haina macho, inasoma majina. Unaweza kuiagiza itafute herufi nene za ukubwa wa 14, na itazipata, lakini haitajua ipi ni kichwa cha sura na ipi ni jina la jedwali. Hati ambayo aya zake zote ni Normal (mtindo wa kawaida wa Word) zilizopambwa kwa mkono inahitaji kwanza mtu aketi, aisome, na kuipa kila aya jina lake. Baada ya hapo makro itakufanyia kazi ya siku nzima kabla chai haijapoa.

Makro yenyewe ni nini?

Ni maagizo yaliyoandikwa mara moja ili Word iyatekeleze kila unapoyaita. Lugha yake ni VBA, ambayo Word imekuwa nayo tangu toleo la 97. Alt+F11 hufungua kihariri cha kuandikia, na Alt+F8 huonyesha orodha ya makro ulizonazo.

Naomba makro ya kuanzia, isiyoweza kuharibu kitu.

Anza na hii. Inaorodhesha tu mitindo ambayo haikuja na Word, haigusi neno hata moja la hati:

    Sub OrodheshaMitindo()
        Dim m As Style
        For Each m In ActiveDocument.Styles
            If Not m.BuiltIn Then Debug.Print m.NameLocal
        Next m
    End Sub

Fungua kihariri, bofya "Insert" kisha "Module", bandika maneno hayo, halafu bonyeza F5. Majibu hutokea kwenye kidirisha cha chini. Kama hukioni, bonyeza Ctrl+G. Usishangae kuona majina ambayo hujawahi kuyaandika maishani mwako.

Mbona hati yangu ina mitindo ambayo sikuitengeneza?

Imeingia kwa kubandika. Unaponakili aya kutoka hati nyingine, jina la mtindo wake huja nayo kama halikuwepo kwako. Kama jina lipo tayari, aya kwa kawaida hufuata maelezo ya hati yako, ndiyo maana wakati mwingine nukuu uliyoibandika hubadilika sura mbele ya macho yako. Tasnifu iliyokusanywa vipandevipande kutoka ripoti, tovuti na barua pepe huishia na mitindo chungu nzima, mitano au sita ikifanya kazi ileile ya nukuu.

Dawa ya kinga ni ndogo: bandika maandishi matupu, kisha uyape mtindo wako mwenyewe.

Basi nataka kuifuta yote kwa makro. Inawezekana?

Inawezekana, na ndiyo sababu nakusihi utulie. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mama mmoja aliniletea tasnifu yake ya mahojiano na wakulima. Mitindo ilikuwa mingi, nami nikaendesha makro ya kufuta kila kisichokuwa cha Word. Mtindo ukifutwa, aya zilizokuwa nao hurudi kuwa Normal. Maneno ya wakulima yaliyokuwa yamejongezwa pembeni yakarudi ukingoni, yakachanganyika na maneno yake mwenyewe, na hapakuwa na alama yoyote ya kuyatofautisha. Nilikesha na nakala yake ya karatasi, nikiyatafuta kwa jicho mstari baada ya mstari. Sura ya hati ilikuwa safi kabisa, na maana yake ilikuwa imevurugika.

Tangu siku hiyo sifuti kabla ya kuhamisha. Nachukua karatasi, naandika upande wa kushoto majina yote yaliyotoka kwenye ile orodha, na upande wa kulia mtindo ambao kila moja linapaswa kwenda. Kisha naendesha makro hii kwa kila jozi, nikibadilisha yale majina mawili ya mitindo:

    Sub HamishaMtindo()
        Dim s As Range
        For Each s In ActiveDocument.StoryRanges
            Do While Not s Is Nothing
                With s.Find
                    .ClearFormatting
                    .Replacement.ClearFormatting
                    .Text = ""
                    .Replacement.Text = ""
                    .Style = ActiveDocument.Styles("Nukuu ya zamani")
                    .Replacement.Style = ActiveDocument.Styles("Mahojiano")
                    .Format = True
                    .Execute Replace:=wdReplaceAll
                End With
                Set s = s.NextStoryRange
            Loop
        Next s
    End Sub

Kile kizunguko cha StoryRanges kinaonekana kama usumbufu, lakini usikitoe. Word huweka mwili wa hati mahali pake, tanbihi mahali pake, maandishi ya juu na chini ya ukurasa mahali pake, na visanduku vya maandishi vilevile. Makro inayopita kwenye mwili peke yake itaacha tanbihi zote na mtindo wa zamani, na utagundua hilo ukiwa tayari umeprinti.

Baada ya kuhamisha, bado sifuti. Mtindo niliouhamisha naubadilisha jina uanze na zz_, ili ushuke mwisho wa orodha. Naipitia hati kurasa zote. Nikiridhika, ndipo nafuta zile zz_ peke yake:

    Sub FutaZilizowekwaKando()
        Dim i As Long
        For i = ActiveDocument.Styles.Count To 1 Step -1
            With ActiveDocument.Styles(i)
                If Not .BuiltIn Then
                    If Left(.NameLocal, 3) = "zz_" Then .Delete
                End If
            End With
        Next i
    End Sub

Angalia kwamba hesabu inaanza mwisho kurudi mwanzo. Ukifuta ukitoka mbele, ni kama kuondoa viti mstarini: ukitoa cha tatu, kilichokuwa cha nne kinakuwa cha tatu, nawe umeshasonga kwenda cha nne. Kimoja kitarukwa kila mara.

Kuna sifa inaitwa InUse. Si itanionyesha mitindo isiyotumika?

Jina lake linapotosha. Mtindo wowote uliouunda huhesabiwa kuwa "unatumika" hata kama hakuna aya moja iliyo nao. Ukitaka ukweli, itume Find itafute mtindo huo katika hati nzima, tanbihi zikiwemo.

Nikihamisha mitindo, italiki zangu zitabaki?

Inategemea, na kanuni yake haijulikani na wengi. Unapoipa aya mtindo mpya, Word hupima mapambo ya mkono yaliyomo ndani. Yakifunika zaidi ya nusu ya aya, huyafuta. Yakiwa chini ya nusu, huyaacha. Kwa hiyo neno moja la italiki katikati ya aya ndefu liko salama.

Hatari iko kwenye marejeleo. Chukua mstari mfupi wa marejeleo: jina la mwandishi, mwaka, halafu jina refu la kitabu kwa italiki. Jina la kitabu limekula zaidi ya nusu ya mstari, na ukihamisha mtindo, italiki inayeyuka. Mstari wa chini yake wenye jina fupi unabaki na italiki yake. Matokeo ni orodha yenye madoadoa, na mtahini huiona mara moja.

Ninachofanya ni kuweka alama kwanza. Find inatafuta italiki popote ilipo na kuzungushia alama ambayo haimo kabisa kwenye hati, kwa mfano ¤, kwa kuandika ¤^&¤ upande wa kubadilisha. Nahamisha mitindo. Kisha natafuta ¤(*)¤ huku alama za jumla ("Use wildcards") zikiwa zimewashwa, nabadilisha kwa \1 yenye italiki, na alama zinaondoka zenyewe. Kwa nukuu ambazo ni italiki aya nzima, achana na alama. Weka italiki ndani ya mtindo wa nukuu wenyewe.

"Dada, nilikoleza aya moja tu, mbona hati nzima imekolea?"

Swali hili huja na jasho la mtu aliyepanda ngazi mbio. Mtindo wa aya hiyo umewashwa kujisasisha wenyewe: ukigusa aya moja kwa mkono, Word inadhani umeagiza mtindo wote ubadilike. Bonyeza Ctrl+Z kwanza, aya zirudi. Halafu zima tabia hiyo:

    ActiveDocument.Styles("Aya").AutomaticallyUpdate = False

Weka jina la mtindo wako badala ya Aya. Kwa maoni yangu, mitindo ya yaliyomo ndiyo pekee inayostahili kuachiwa ruhusa hiyo.

Nyumbani hati ilikuwa sawa. Nimeifungua saiba ikageuka fonti na nafasi.

Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza, fonti uliyotumia haimo kwenye kompyuta ile, na Word imeazima nyingine. Ya pili ndiyo inayotuhusu: hati yako imeagizwa ijisasishe kutoka kwenye kiolezo, yaani faili la mfano ambalo hati imejengwa juu yake, kila inapofunguliwa. Kama kiolezo chake ni Normal.dotm (si ule mtindo wa Normal), kila kompyuta ina Normal.dotm yake, na ya saiba imeshachezewa na watu wengi. Kabla hujatoka nyumbani, endesha mstari huu na uhifadhi hati:

    ActiveDocument.UpdateStylesOnOpen = False

Na kama unaenda kuprinti tu, beba PDF kwenye fleshi.

Tasnifu yangu ni ya Kiingereza lakini mahojiano ni ya Kiswahili. Mistari myekundu imejaa kurasa nzima.

Nalipenda swali hili, kwa sababu hapa Nairobi karibu kila utafiti unaozungumza na watu una kurasa za namna hii, na wengi huzima ukaguzi wa tahajia kwenye hati nzima. Wakishauzima, makosa ya Kiingereza yanapita bila kuonekana.

Watu wengi hawajui kwamba mtindo hubeba lugha pia. Mtindo wa Mahojiano ukiambiwa kuwa ni wa Kiswahili, Word haitakagua maneno ya mkulima kwa kamusi ya Kiingereza. Katika VBA, Kiswahili kinaitwa wdSwahili na namba yake ni 1089, namba ileile ambayo Windows huitumia kwa Kiswahili cha Kenya. Lakini kubadilisha mtindo pekee mara nyingi hakutoshi, kwa kuwa ulipokuwa ukichapa, Word ilikuwa inaugonga muhuri wa lugha ya kibodi kwenye maneno yenyewe, na muhuri huo una nguvu kuliko mtindo. Kwa hiyo fanya yote mawili:

    Sub LughaYaMahojiano()
        Dim p As Paragraph
        ActiveDocument.Styles("Mahojiano").LanguageID = wdSwahili
        For Each p In ActiveDocument.Paragraphs
            If p.Style = "Mahojiano" Then p.Range.LanguageID = wdSwahili
        Next p
    End Sub

Kama kamusi ya Kiswahili haimo kwenye kompyuta hiyo, Word haitaikagua sehemu hiyo kabisa, na mistari inaondoka. Basi isome mwenyewe kwa makini. Maneno ya mtu aliyekupa saa yake nzima ya mahojiano yanastahili kuandikwa bila kosa.

Kwa mahojiano ya Kikuyu, Dholuo au Kikamba, tengeneza mtindo tofauti na uuambie NoProofing = True.

Makro nizihifadhi wapi? Nikiweka kwenye .docx zinapotea.

Faili la .docx haliwezi kubeba makro. Lenye uwezo huo ni .docm, au kiolezo cha .dotm. Wengi hukimbilia .docm, nami siipendekezi kwa hati inayokwenda kwa mtu mwingine, kwa sababu msimamizi au karani akipokea faili lenye makro ana haki ya kuliogopa.

Tenganisha vitu viwili hivyo. Makro zikae kwenye .dotm yako, ndani ya folda ya STARTUP ya Word, na zitakuwa tayari kila unapoifungua. Hati ibaki .docx safi. Makro inafanya kazi juu ya hati iliyo wazi bila kuingia ndani yake. Kama huna kompyuta yako mwenyewe, weka .dotm kwenye fleshi. Usihifadhi kazi yako kwenye Normal.dotm ya saiba, kesho hutaikuta.

Word inaonyesha ukanda mwekundu na kukataa makro niliyotumiwa.

Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia kwa chaguo-msingi makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na barua pepe zimo. Sababu ni ya kweli: virusi vya Melissa vilisambaa duniani Machi 1999 ndani ya hati ya Word, kwa makro.

Kama faili ni lako, funga Word, bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties" na utie alama penye "Unblock". Kama si lako na hujui aliyeliandika, liache. Bora upewe maneno ya makro uyasome, kisha uyabandike mwenyewe kwenye moduli yako.

Nina kiolezo kizuri cha ofisi. Naweza kuihamishia mitindo yake kwenye hati ya zamani?

Ndiyo. CopyStylesFromTemplate huleta mitindo yote ya kiolezo na kufuta maelezo ya mitindo yenye majina sawa. OrganizerCopy huleta mmoja mmoja, nayo naipenda zaidi kwa hati za mawakili, ambapo kubadilika kwa namba ya aya ni jambo zito. Kama mtindo umejengwa juu ya mwingine, leta mzazi kwanza. Kwa namba za ngazi, yaani 1, 1.1, 1.1.1, jaribu kwenye nakala kabla ya kugusa hati yenyewe.

Word yangu si ya Kiingereza, na makro inasema "Heading 1" haipo.

Tumia wdStyleHeading1, au namba yake -2. Haijali lugha ya menyu.

Situmii Word, nina LibreOffice. Hizi makro zitafanya kazi?

Usizitegemee. LibreOffice huelewa sehemu ya VBA, lakini mitindo yake imepangwa kwa njia nyingine. Ina lugha yake ya Basic, na unaweza pia kuandika makro zake kwa lugha ya Python. Mitindo ya aya utaipata hivi:

    ThisComponent.StyleFamilies.getByName("ParagraphStyles")

Kila mtindo utakaotoka humo unaweza kuuliza isUserDefined na isInUse. Kuleta mitindo kutoka kiolezo ni kazi ya loadStylesFromURL.

Kuna jambo moja ambalo LibreOffice inaishinda Word waziwazi: ina mitindo ya kurasa. Kurasa za mwanzo za tasnifu, shukrani na ikisiri, huhitaji namba za Kirumi, na mwili huanza na 1. Kwenye Word utahangaika na sehemu za hati. Kwenye LibreOffice unatengeneza mitindo miwili ya ukurasa na kazi imekwisha. Mwanafunzi mwenye laptopu isiyo na leseni ya Word asijione amepungukiwa. F11 inafungua mitindo yote.

Kwenye simu je? Na Google Docs?

Word ya simu na Word ya kwenye kivinjari haziendeshi makro za VBA. Google Docs ina Apps Script, ambazo ni kama makro za huko, lakini haikuruhusu kuunda mitindo yenye majina yako mwenyewe. Una maandishi ya kawaida, kichwa kikuu, kichwa kidogo na vichwa vya ngazi sita. Andikia huko ukitaka, usafi ufanyie kwenye kompyuta.

Siwezi kurekodi makro badala ya kuandika?

Unaweza, na ni njia nzuri ya kujifunza. Rekodi ukitumia kibodi kuchagua maandishi, maana kinasa hakinasi uchaguzi wa kipanya. Kisha fungua ulichorekodi na usome. Kinasa huandika kila kitu kilichokuwemo kwenye dirisha, hata usichokigusa. Futa mistari isiyokuhusu.

Msimamizi amerudisha hati ikiwa na maoni, na ufuatiliaji wa mabadiliko (Track Changes) umewashwa. Niendeshe makro?

Maoni yake yajibu kwanza. Ukiendesha makro ufuatiliaji ukiwa umewashwa, kila aya iliyobadilishwa mtindo itaandikiwa taarifa pembeni, na maneno ya msimamizi yatazama katikati ya taarifa hizo. Hifadhi nakala yenye tarehe kwenye jina la faili. Ndani ya makro zima ufuatiliaji kwa TrackRevisions = False, na uiwashe tena mwishoni.

Kisha zungushia kazi yote mistari hii miwili, ambayo Word inaielewa tangu toleo la 2010:

    Application.UndoRecord.StartCustomRecord "Kuhamisha mitindo"
    Application.UndoRecord.EndCustomRecord

Kilichomo katikati yake kinahesabiwa kuwa hatua moja, hata kama ni mabadiliko mia nne. Ukitazama ukurasa wa kwanza na kuona nukuu imekaa vibaya, Ctrl+Z moja inairudisha hati jinsi ilivyokuwa kabla ya makro.